Nani Ameamka Kwanza? Kirusi cha Sekta ya Kuwashia na Namna ya Kukiondoa

Enzi za MS-DOS, fundi aliyeletewa kompyuta yenye tabia zisizoeleweka alianza na amri moja fupi: CHKDSK. Mistari ilishuka kwenye skrini naye hakuijali, mpaka ulipofika ule wa karibu na mwisho, unaotaja jumla ya kumbukumbu. Kompyuta nyingi za wakati ule zilikuwa na kilobaiti 640 za kumbukumbu ya kawaida, yaani baiti 655,360, na namba hiyo fundi alikuwa nayo kichwani kama namba ya nyumba yake. Akiona 653,312 alinyamaza. Baiti 2,048 hazipo. Hakuna aliyefungua kasha la mashine akachomoa chipu. Kuna aliyezimega baiti hizo kabla MS-DOS haijaamka, akajilaza humo, kisha akaiachia MS-DOS taarifa kwamba kumbukumbu inaishia hapo.

Mara nyingi huyo alikuwa Stoned, kirusi kilichoanzia Wellington, New Zealand, mwaka 1987, ama mmoja wa wajukuu zake wengi. Nimesoma maelekezo mengi ya kuondoa virusi vya ukoo huu. Karibu yote huanza na amri ya kuandika, na utaratibu huja baadaye kama unakuja kabisa. Naona ndipo kosa lilipo. Kirusi cha sekta ya kuwashia hakina nguvu ya pekee. Kina nafasi tu: kimeamka kabla ya wengine wote. Ukishaielewa nafasi hiyo, kukiondoa ni kazi ya dakika chache. Usipoielewa, unaweza kupoteza kwa mkono wako data ambazo kirusi hakikuzigusa.

Kompyuta ya aina ile ikiwashwa haijui lolote. Haijui faili ni nini, wala saraka, wala Windows. Kilicho macho ni BIOS peke yake, programu ndogo iliyomo kwenye chipu ya ubao mama. BIOS hukagua vifaa, kisha husoma sekta ya kwanza kabisa ya diski, baiti 512 tu, huziweka kwenye kumbukumbu katika anwani ya 7C00, na kuzikabidhi usukani. Haiulizi ziliandikwa na nani. Alama inayotafuta kwenye diski ngumu ni baiti mbili za mwisho, 55 na AA. Kwenye sekta hiyo ya diski ngumu, baiti 446 za mwanzo ni programu, 64 zinazofuata ni jedwali la mgawanyo linaloeleza diski imekatwa vipande vipi na C: inaanzia wapi, na mbili za mwisho ndizo hizo 55 na AA. Anayeishika sekta hii ameishika kompyuta nzima, kwa kuwa kila kitakachoamka baadaye kitaiona diski kupitia kwake.

Disketi inahitaji maelezo zaidi, maana hapo ndipo watu wengi waliponasa bila kujua. Kila disketi iliyoformatiwa ina programu kwenye sekta yake ya kwanza, hata kama ndani yake hamna kitu zaidi ya barua za ofisi. Mtu aliacha disketi kwenye mashine jioni akaenda nyumbani. Asubuhi akawasha, skrini ikamwambia kwamba hiyo si diski ya mfumo, aitoe kisha abonyeze kitufe chochote. Akaitoa, akabonyeza, mashine ikaendelea, akashukuru kwamba hakuna kilichoharibika. Kumbe ujumbe ule wenyewe uliandikwa na programu iliyomo kwenye sekta ya kwanza ya disketi. Kama disketi ilikuwa na Stoned, basi kabla maneno yale hayajatokea kirusi kilikuwa kimeshatembea, kimeshasoma sekta ya kwanza ya diski ngumu, na kimeshajiandika hapo. Hakuna faili lililofunguliwa na hakuna programu iliyoendeshwa. Ndiyo maana wengi waliapa kwa dhati kwamba hawakugusa kitu.

Stoned hakikuwa cha kwanza. Elk Cloner kilitangulia mwaka 1982 kwenye kompyuta za Apple II, kazi ya kijana wa Marekani, Rich Skrenta, aliyekuwa bado mwanafunzi wa sekondari. Brain kilifuata mwaka 1986 kutoka Lahore, Pakistan, kimeandikwa na ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, ambao waliweka ndani yake majina yao na anwani ya duka lao. Brain kiliishi kwenye disketi tu, lakini tayari kilikuwa na ujanja uliorithiwa na vingi: ukiomba kuiona sekta ya kwanza, kirusi hukuonyesha ile halali kiliyokuwa kimeificha. Baadaye wakaja Ping Pong wa Italia, Form wa Uswisi, na Michelangelo aliyegunduliwa mwaka 1991 na kuitia dunia hofu mwaka uliofuata. Magazeti yalitangaza kwamba mashine hadi milioni 5 zingefutwa tarehe 6 Machi 1992. Makadirio ya baadaye yalizungumzia kati ya 10,000 na 20,000. Hofu hiyo ilikuza biashara ya programu za kinga kuliko ilivyomfundisha mtu yeyote jinsi kompyuta inavyowaka, nami huisikitikia nafasi ile iliyopotea.

Turudi kwa Stoned, kwa sababu ni kirusi kidogo na cha wazi, na ukikijua umevijua vingi. Chote kinaingia ndani ya sekta moja. Kikifika kwenye diski ngumu, huichukua sekta halali ya kwanza na kuihamishia kwenye sekta ya 7 ya njia ileile (mduara uleule wa diski), mahali ambapo kwa kawaida hapana kitu, kisha hujiandika kwenye sekta ya kwanza. Lakini huliacha jedwali la mgawanyo mahali pake. Hujitwalia kilobaiti 2 juu ya kumbukumbu, hujipachika kwenye INT 13h, mlango wa huduma za diski wa BIOS, ndipo huipakia ile sekta halali na kuiachia iendelee na kazi. Tangu hapo kila disketi inayosomwa bila kuzuiwa kuandikwa huambukizwa. Takribani mara moja katika kila nane unapowasha kwa disketi yenye kirusi, hutokea ujumbe kwamba kompyuta yako imelewa. Basi.

Hakikukusudia kufuta kitu, lakini kiliharibu. Mwandishi wake aliijua disketi ya kilobaiti 360, na kwenye disketi hiyo mahali anapoficha sekta halali ni mwisho wa orodha ya majina ya mafaili, ambapo ni nadra kufikiwa. Kwenye disketi ya megabaiti 1.2 mahali hapohapo huangukia katikati ya orodha. Sekta moja hubeba majina 16, na mbili za mwanzo zikishajaa, majina yanayofuata ndiyo yanayokanyagwa. Hivyo mwenye mafaili 30 hakuona tatizo, na mwenye 40 alipoteza kadhaa bila kujua sababu. Ajali nyingine ilikuwa ya virusi wawili kukutana. Michelangelo alitokana na Stoned na alirithi mahali pa kuficha, sekta ya 7. Mashine iliyopata wote wawili ilikuwa na kirusi cha pili kwenye sekta ya kwanza na kirusi cha kwanza kwenye sekta ya 7. Sekta halali ilikuwa imeandikwa juu, na kompyuta haikuwaka tena.

Sasa kuondoa. Hatua ya kwanza haina amri yoyote: zima umeme. Kubonyeza Ctrl, Alt na Del hakutoshi, maana kumbukumbu inabaki na umeme na kirusi kinaweza kubaki nayo. Zima, subiri kidogo, kisha washa kwa disketi safi ya mfumo iliyotengenezwa kwenye mashine safi na kufungwa isiandikike. Disketi ya inchi 5.25 hufungwa kwa kubandika karatasi juu ya pengo la ubavuni. Ile ya inchi 3.5 hufungwa kwa kusogeza kijiplastiki mpaka tundu lionekane wazi. Huo ni ulinzi wa vyuma, hautegemei programu, na hakuna kirusi kilichouvuka kwenye mashine inayofanya kazi sawasawa. Ukiruka hatua hii, kila unachokiona baadaye unaonyeshwa na kirusi. Programu ya kinga inaweza kusoma sekta ya kwanza na kukuta imetulia, kwa kuwa kilicho macho ndicho kinachoipatia majibu.

Hatua ya pili nayo si ya kuondoa. Nakili sekta ya kwanza ya diski ngumu kwenye disketi kabla hujaandika hata baiti moja. MS-DOS 5 ilikuja na amri ya MIRROR /PARTN iliyohifadhi jedwali la mgawanyo, na mwenye busara aliitumia mapema, mashine ikiwa bado nzima.

Ndipo inapokuja FDISK /MBR, amri ambayo Microsoft iliiweka kwenye MS-DOS 5 bila kuitangaza kwenye vitabu vyake, ikaenezwa kwa midomo ya mafundi. Huandika upya zile baiti 446 za programu na kuliacha jedwali lilivyo. Kwa Stoned ni dawa kamili, kwa kuwa jedwali lipo mahali pake. Kwa Form haisaidii kitu: Form haikai kwenye sekta ya kwanza ya diski nzima, hukaa kwenye sekta ya kwanza ya kipande cha C:, na huko dawa yake ni SYS C: kutoka disketi yenye toleo lilelile la MS-DOS. Na FORMAT C:, ambayo wengi waliikimbilia wakidhani moto huunguza kila kitu, huandika ndani ya kipande cha C: tu. Sekta ya kwanza ya diski haiguswi. Mtu alifuta kazi ya miaka, akaweka upya programu zote, akawasha, na Stoned akawa bado yupo palepale. Hilo linaniuma kuliko yote, maana alipoteza kila kitu ila kile alichotaka kukipoteza.

Nami niliwahi kukosea, kwa njia nyingine. Ilikuwa ofisi ndogo ya uhasibu jijini Dar es Salaam, na mwenye ofisi, mama wa makamo, alikuwa amekaa kitini nyuma yangu. Nilizima, nikawasha kwa disketi safi, nikaandika DIR C:. Mashine ikajibu kwamba hakuna diski yenye jina hilo. Nikadhani kirusi kimeharibu, nikaipiga FDISK /MBR niliyofundishwa. Nikatoa disketi, nikawasha. Kimya.

“Mwanangu, vitabu vya wateja vimo humo,” akasema yule mama taratibu.

Sikuwa na jibu. Nilimwita fundi aliyenitangulia kazini. Aliingia, akamwamkia mama, kisha akaniuliza swali moja tu: “C: haikuonekana kabla hujaandika, au baada?” Nilipomwambia kabla, alifungua programu ya kusoma diski sekta kwa sekta. Kwenye sekta ya 1 palikuwa na programu niliyoiandika mimi, na mahali pa jedwali takataka. Akaenda sekta ya 3. Skrini ikajaa 2E 2E 2E 2E, safu baada ya safu, na mwishoni kabisa baiti mbili: 7B 84.

“Hii hapa,” akasema.

Kilikuwa Monkey, wa ukoo wa Stoned. Tofauti na babu yake, haachi jedwali mahali pake. Huihamisha sekta yote halali hadi sekta ya 3, na kila baiti huipinda kwa ufunguo mmoja, 2E. Sifuri ikipindwa kwa ufunguo huo husomeka 2E, na sekta halali ina sifuri nyingi. 55 huwa 7B, na AA huwa 84. Ukizipinda tena kwa ufunguo uleule zinarudi zilivyokuwa. Monkey akiwa macho, humwonyesha kila anayeuliza jedwali lililonyooshwa, na C: inaonekana vizuri. Asipokuwepo, C: haipo. Kwa hiyo kutoonekana kwa C: baada ya kuwasha kwa disketi safi hakukuwa dalili ya uharibifu. Ilikuwa dalili ya jina la kirusi, na mimi nilikuwa nimepewa jina hilo nisilisikie. Yule fundi aliandika mistari michache kwa programu ya DEBUG, akaisoma sekta ya 3, akainyoosha, akaiandika kwenye sekta ya 1. Alipowasha, orodha ya mafaili ilishuka, na mama akainuka akaenda kuchemsha chai. Kama badala ya kumwita ningeformati, vitabu vile vingekwisha.

Tangu siku ile nilijiwekea kanuni kwamba C: ikionekana baada ya kuwasha safi, FDISK /MBR ni salama. Kanuni hiyo nayo ilivunjwa, na One_Half, kirusi cha mwaka 1994. Hiki huacha C: ionekane. Kila kompyuta inapowashwa hufumba kwa siri njia kadhaa za diski kuanzia mwisho kuja mbele, na kikiwa macho huzifumbua papo hapo kila zinaposomwa, mtumiaji asihisi lolote. Ufunguo wa kufumbulia umo ndani ya kirusi chenyewe. Ukikifuta kwa FDISK /MBR umeufuta na ufunguo, na sehemu iliyofumbwa inabaki mchanganyiko usiosomeka. Hapa utaratibu unageuka. Kwanza, kirusi kikiwa bado macho, nakili hati na majedwali yako (data tu, si programu, kwa kuwa hiki huambukiza programu pia) kwenye disketi. Kisha tumia chombo kinachokijua kirusi hicho kwa jina, kifumbue diski, ndipo kifute. Anayeuliza amri moja ya kuondoa virusi vyote vya sekta ya kuwashia anauliza kitu kisichokuwepo, na aliyempa jibu hakumtendea haki.

Diski ngumu ikishapona, zimebaki disketi, na hapo ndipo kazi ya wengi ilipovunjika. Ofisi ilikuwa na kompyuta 4 na disketi 200 kwenye makabati, droo na mikoba. Ikisahaulika moja, baada ya wiki mbili mnarudi mlipoanza. Njia sahihi ni kunakili mafaili kwa COPY kwenye disketi safi, kisha kuiformati ile chafu kwa FORMAT /U. DISKCOPY haifai, maana inanakili kila sekta na kirusi humo humo. Halafu kuna kinga ambayo haikugharimu senti: kuingia kwenye mipangilio ya BIOS na kubadili mpangilio wa kuwasha, C: itangulie A:. Kwa badiliko hilo disketi iliyosahaulika usiku inakuwa disketi tu. Walilijua wachache mno.

Virusi hivi havikushindwa na programu za kinga peke yake. Mazingira yalivikataa. Windows 95 ilianza kuongea na diski kwa madereva yake yenyewe bila kupitia INT 13h, na ilipokuta mlango ule umeingiliwa ilionya kwamba inalazimika kutumia njia ya zamani ya MS-DOS. Onyo hilo liliwafichua Stoned wengi. Kisha zikaja CD, barua pepe na flashi, na disketi zikakosa safari. Hata hivyo mwaka 2007 kompyuta mpakato za Medion zenye Windows Vista ziliuzwa Ujerumani na Denmark zikiwa tayari na Stoned.Angelina, kirusi cha tangu 1994. Hakikuweza kuenea mbali kwa kukosa disketi, lakini kilikaa palepale, sekta ya kwanza.

Mwenye disketi za zamani za familia au za utafiti leo hana haja ya kuziogopa. Kuzisoma kwa kisomaji cha USB kwenye kompyuta ya sasa hakuamshi kirusi. Kinachokiamsha ni kuwasha mashine kwa disketi hiyo. Zifunge zisiandikike, ziwekwe nakala, zisomwe. Tahadhari ni kwa mashine kuukuu zinazoendelea na kazi, kama zile zinazoendesha mitambo ya viwandani, ambazo bado huwashwa kwa MS-DOS.

Nafasi yenyewe haijaachwa wazi. Mwaka 2012 programu iliyoitwa Shamoon iliifuta sekta ya kwanza kwenye kompyuta takribani 30,000 za kampuni ya mafuta ya Saudi Aramco. Kompyuta mpya huwaka kwa UEFI badala ya BIOS, na kinga yake iitwayo Secure Boot hudai saini ya kila kinachoamka, yaani swali lile ambalo BIOS haikuuliza kamwe. Mwaka 2023 ikaelezwa programu iitwayo BlackLotus, ambayo iliweza kuipita Secure Boot kwenye Windows 11 kwa kutumia kipande cha zamani chenye saini halali lakini chenye udhaifu. Mtu aliyeelewa Stoned anayasoma hayo bila mshangao.

Na Juni 2017 kulikuwa na NotPetya, iliyoandika juu ya sekta ya kwanza, ikaiwasha upya mashine, ikaonyesha skrini ya uongo iliyofanana na CHKDSK huku ikifumba orodha ya mafaili. Kampuni ya meli ya Maersk ilipoteza karibu seva zake zote zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao. Seva hizo zilikuwa zikihifadhiana nakala, kwa hiyo zilianguka pamoja. Ilipatikana moja tu nzima, Ghana. Umeme ulikuwa umekatika kwenye ofisi ile kabla ya shambulio na mashine ilikuwa imezimika. Mtandao wa Ghana haukutosha kupeleka data zile Uingereza, na hakukuwa na mfanyakazi wa pale mwenye viza ya kwenda huko, basi mmoja wao akapanda ndege hadi Nigeria, akakutana na mwenzake uwanjani, akamkabidhi diski ngumu mkononi.